Baiskeli Bila Mzigo

Katika nchi yetu ya Maniema ya kusini baiskeli si kitu cha mchezo. Ndiyo punda wetu. Hapa Kasongo wengi huiita kinga, na mtu akisikia neno hilo hafikiri habari ya mtu aliyeketi juu ya kiti, upepo ukimpiga usoni. Amwona mtu aendaye kwa miguu kando ya kinga yake, ameinama, jasho lamtoka, anasukuma. Juu yake mna mabidoni ya mawese, magunia ya mchele, mihogo mikavu, kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini, na wakati wa kurudi chumvi, sabuni na nguo. Mzigo mara nyingi hupita kilo 100. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili mkono wa kushoto upate kuuongoza kwa mbali. Ya pili imesimamishwa nyuma ya kiti, hapo mkono wa kuume ndipo unaposukumia. Mwenye kinga hapandi kinga yake. Aenda nayo kama mchungaji aendavyo na ng'ombe.

Basi, ilipojulikana kwamba watu watatu wa parokia moja wataondoka Jumamosi fulani ya mwezi wa saba kwenda vilimani kwa baiskeli, na kurudi kabla ya adhuhuri, pasipo kubeba kitu wala kwenda kwa mtu, jirani zetu walishangaa.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Twatembea tu."

"Mwaenda kununua mawese?"

"Hapana, mama."

Mama yule alitutazama toka kichwani hata miguuni, akasema kwa upole, "Kama kuna nguvu za bure, shamba langu liko pale chini."

Tulicheka sana, naye alicheka. Lakini neno lake halikuwa mzaha mtupu. Sisi hatukuweza kumpa jibu palepale, na ndiyo sababu twaandika leo.

Yafaa kwanza mjue watatu hao ni nani. Sisi tunaoandika tu katekista, na baiskeli yetu imezoea njia za vijijini, siku ya mafundisho na siku ya kuwapelekea wagonjwa habari ya padri. Wa pili ni mwalimu wa shule, naye wakati ule alikuwa katika likizo. Wa tatu ni mfanyabiashara wa mawese. Huyu ndiye hasa mwenye kisa. Baba yake alisukuma kinga kabla yake, yeye alianza ujanani, na mpaka leo ndiyo kazi imlishayo na watoto wake.

Wasomaji wa mahali pengine labda hawajui jinsi kazi hii ilivyopata kuwa kubwa kwetu. Zamani malori yalipita. Kisha vikaja vita. Mwaka 1996 ndio tuliompoteza Baba Askofu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa mchungaji wetu hapa Kasongo kabla ya kupelekwa Bukavu. Aliuawa huko tarehe 29 ya mwezi wa kumi. Vita vikaanza tena mwaka 1998. Madaraja yakaoza, majani yakafunika barabara, na mahali palipopita lori pakabaki kijia cha upana wa mguu mmoja. Mguu mmoja watosha kwa tairi ya kinga. Katika miaka hiyo mji mzima ulikula kilichosukumwa na mikono ya watu. Twaamini kwamba kama si hao wasukumaji, wengi wetu tusingekuwa hai, wala hakuna aliyewajengea sanamu.

Mwenzetu huyo ndiye aliyekuwa na shida kupita wote kutoka nyumbani asubuhi ile. Ilimpasa kufungua kamba na kuziondoa zile fimbo mbili, nazo zilikuwa zimekaa mahali pake miaka mingi hata zimeacha alama kwenye chuma. Mke wake alisimama mlangoni, akasema, "Baba wa watoto, tairi huisha kwa kuzunguka, si kwa mzigo peke yake." Hakugomba. Alisema kama mtu ahesabuye fedha, na hesabu yake ilikuwa ya kweli. Tairi mpya ni faida ya safari nzima, na safari nyingine hazina faida hata kidogo.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa bado chini ya miembe. Waislamu walikuwa wametoka kusali alfajiri, na kengele ya misioni ilikuwa imekwisha kulia, maana hapa Kasongo jogoo, mwadhini na kengele huamsha watu pamoja, na tumezoeana hivyo tangu babu zetu. Katika familia nyingi ndugu mmoja aitwa Yosefu na mwingine Yusufu, nao hula sahani moja ya wali.

Miembe hiyo na wali huo vina habari yake. Mji wa Kasongo ulikuwa makao makuu ya Tippu Tip, Mswahili wa Unguja ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed, na wangwana waliokuja pamoja naye wakapanda mpunga, miwa na miti ya matunda. Mji wao ule wa kale haukuwa hapa tulipo sasa. Mahali pake paitwa Tongoni, ndiyo kusema mahame. Jeshi la Dhanis lilipoutwaa tarehe 22 ya mwezi wa nne 1893, alikuwako daktari Mwingereza, jina lake Sidney Hinde, ambaye miaka michache baadaye alitoa kitabu juu ya vita vile. Humo asimulia kwamba alipita saa moja na nusu katika shamba moja tu la mpunga. Saa moja na nusu, ndugu zangu! Sisi kwa baiskeli, muda huo tulikuwa tumekwisha kupita mashamba ya mihogo ya watu hamsini, kila moja la ukubwa wa uwanja wa kanisa. Shamba lile kubwa lililimwa na nani? Na watumwa. Twaona ni heri mashamba madogo yenye wenyewe.

Tulishika njia ya mashariki, ile iendayo Kabambare. Msidhani tulifika. Toka Kasongo hata Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na upande ule watu wengi wameonja mikono ya wenye silaha. Sisi tulikusudia vilima vya kwanza tu, ambavyo mtu aweza kuviona toka mjini siku ya anga safi, na tulikuwa tumeuliza habari ya njia tangu Alhamisi.

Mpaka kijito cha kwanza njia ni tambarare, tukaenda kwa raha. Kisha ardhi yaanza kupanda. Udongo ni mwekundu, wakati wa kiangazi wageuka kuwa unga, na magurudumu yazama kama katika pondo la mihogo. Majani makavu kando ya njia yalikuwa yamechomwa, vilima vimebaki vyeusi, ila mabondeni msitu wafuata vijito kama ukanda wa kijani. Mwalimu wa shule, aliyetangulia kwa kelele na nyimbo, alianza kunyamaza. Tulikanyaga pedali tukiwa tumesimama, tukaketi, tukasimama tena. Moyo ulipiga kifuani kama mtu agongaye mlango.

Na yule msukumaji? Alikuwa ameshuka tangu mwanzo wa kilima. Alitembea kando ya baiskeli yake, mkono mmoja usukanini, mkono mwingine nyuma ya kiti mahali ambapo fimbo haikuwapo tena, naye akienda hatua zile zile za kila siku, ndefu, zisizo na haraka. Tulimpigia kelele, "Kaka, panda! Hakuna mzigo!" Akajibu, "Ndiyo, ndiyo," asipande. Naye alifika juu mbele yetu wote wawili. Alikuwa ameketi juu ya jiwe tulipomfikia, hana hata pumzi ya kuhema. Mwalimu alianguka chini ya mti akasema kwamba siku hiyo amejua maana ya elimu.

Juu ya kilima hicho tulikuta kamba imevutwa kati ya miti miwili, na vijana wawili wamekaa kivulini. Hatukuwauliza wametumwa na nani. Kila msukumaji wa Maniema ajua kamba hizo: hulipa kwa bidoni, au kwa gunia, au hutoa kikombe cha mawese ili apite. Kijana mmoja aliinuka, akazunguka baiskeli zetu mara mbili.

"Mzigo uko wapi?"

"Hatuna."

"Mmeuficha wapi?"

Mwenzetu wa mawese, ambaye kamba ile yamjua na yeye aijua, akafungua mikono yake akasema, "Mdogo wangu, leo tumepakia upepo. Tutoze huo." Kijana alifikiri. Alimtazama mwenziwe. Kwa kweli hawakuwa na bei ya mtu asiyebeba kitu. Mwisho waliteremsha kamba. Mwenzetu alipita mahali pale akigeuka nyuma mara kwa mara, maana katika maisha yake yote hajapata kupita bure.

Tuliketi mbele kidogo, mahali palipo wazi. Toka huko vilima vyaonekana kimoja nyuma ya kingine mpaka upande wa Luama, na vya mwisho ni vya rangi ya samawati. Ndipo tulipoanza kuzungumza habari ya njia yenyewe, kwa kuwa macho yote yalikuwa juu yake.

Njia ya Kabambare ni njia ya mizigo tangu zamani sana. Kabla ya barabara palipita misafara. Pembe za ndovu zilitoka nchi ya Lualaba juu ya mabega ya watu, zikapita Kabambare, zikafika ziwa Tanganyika, zikavushwa hata Ujiji, kisha zikaenda Tabora na pwani. Na pamoja na pembe walikwenda wanadamu waliofungwa shingoni. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869. Mwaka uliofuata alikaa huko miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu, asiweze kwenda mbele. Stanley alipita mwaka 1876, na wapagazi wake nyuma. Mwaka 1894 askari wa serikali ya Leopold waliutwaa mji huo, wakati ule wa vita na Rumaliza, nao pia hawakubeba wenyewe vyakula vyao na risasi zao. Na mwaka 1916, jeshi la Kongo lilipokwenda kupigana na Wadachi mpaka Tabora, wapagazi maelfu walitolewa katika nchi zetu za mashariki, na wengi hawakurudi. Sasa ni kinga na mabidoni. Ukihesabu hivyo, waona kwamba kwa zaidi ya miaka 150 karibu hakuna mtu wa kwetu aliyepita njia hii mikono mitupu kwa kupenda kwake.

Mzee mmoja aliyekuwa akitazama shamba lake alitusogelea. Tulimwamkia, tukampa nafasi juu ya jiwe. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba tunatembea bure, sijui habari hukimbia kwa njia gani. Aliigusa tairi ya baiskeli yetu kwa kidole, kama mtu agusaye ndizi kuona kama imeiva.

"Hii ni mpira?" akauliza.

"Ndiyo, mzee wetu."

"Baba yangu alikwenda kuutafuta porini wakati wa vita vya Wazungu, ile vita ya pili. Alikaa huko miezi. Alirudi mgonjwa. Na babu yake kabla yake alikwenda wakati wa Bula Matari, na huyo hakurudi." Akainua kidole chake toka kwenye tairi. "Basi ulikwenda kuwa hii."

Hapo mwalimu wa shule, ambaye pumzi ilikuwa imemrudia, alitusimulia jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliunganisha hivyo. Baiskeli za kwanza za Ulaya zilikuwa na magurudumu magumu, zikitikisa mifupa. Mwaka 1888 huko Belfast daktari wa mifugo, jina lake John Boyd Dunlop, alipata haki ya tairi yenye upepo ndani. Aliifanya kwa ajili ya mtoto wake mdogo, ili baiskeli yake ya magurudumu matatu iende laini. Yaani kitu hicho kilizaliwa kwa mchezo wa mtoto. Watu wa Ulaya na Marekani wakakipenda mno. Siku ya Dominika wakatoka mijini kwa makundi, waume kwa wake, kwenda vilimani kuvuta hewa safi. Na mpira wa tairi hizo ulitoka wapi? Sehemu kubwa ulitoka Brazili, na sehemu ukatoka kwetu, katika mitambaa ya msitu wa Kongo. Mwaka 1890 nchi ya Leopold ilitoa tani kama 100 tu. Mwaka 1901 ilitoa tani kama 6,000. Katikati ya hesabu hizo mbili mna vijiji vilivyochomwa, wanawake waliofungwa mateka mpaka waume zao walete vikapu vimejaa, na mikono iliyokatwa. Dunia ikapiga kelele, na mwaka 1908 ikambidi Leopold aiachilie nchi mikononi mwa Ubelgiji.

Tulinyamaza kitambo. Hatukutaka kumchukia mtoto wa Dunlop; mtoto hana kosa. Lakini tulifikiri jambo hili: raha ile ya kupanda kilima siku ya mapumziko, kusimama juu na kutazama, babu zetu waliilipia, na hawakupata kuionja. Kwa watoto wao baiskeli ilikuja baadaye sana, na ilipofika ilitiwa mzigo mara moja. Mzee aliuliza kama tutashuka kwa upande wa pili. Tukasema ndiyo. Akasema, "Nataka kuona."

Mteremko wa upande wa pili ni mrefu, nao umenyoka, ila mwisho wake kuna pindo kabla ya daraja la magogo. Mwalimu alishuka kwanza akiimba. Sisi tulifuata, breki zikilia. Mwenzetu wa mawese alibaki juu pamoja na mzee.

Lazima tueleze neno hapa. Kwa msukumaji, kupanda ni taabu, lakini kushuka ndiko kuogopwako. Kinga yenye kilo 100 hutaka kukimbia. Huishika kwa nyuma, visigino vikilima udongo, mabega yakivutwa kama yatang'oka. Kamba ikikatika au mguu ukiteleza, mzigo humpita na kumwangukia. Mwenzetu ana kovu toka goti hata kifundo kwa ajambo hilo, na alimwona rafiki yake akivunjika mguu katika mteremko wa namna hiyo, siku mbili mbali na zahanati. Kwa hiyo mwili wake umejifunza kwamba kilima kikiinama, mtu huegemea nyuma.

Tulimwona akipanda kitini polepole kama mzee. Alianza kushuka, miguu yake yote miwili ikiburuta chini, vumbi likimfunika. Hivyo alifika robo ya mteremko. Kisha, hatujui ni nini kilichomwambia, aliinua miguu.

Baiskeli ile, iliyotengenezwa nzito ili ibebe, ilitoka kama jiwe la kombeo. Shati lake lilijaa upepo. Alipiga ukelele ambao mwanzo tulidhani ni wa hofu, tukaanza kukimbia kumwelekea. Kumbe si hofu. Watoto waliokuwa kijitoni walipanda ukingoni wakapiga makofi. Alitupita, akashika breki kabla ya pindo kwa ustadi wa mtu ajuaye kila jiwe la njia ile, akasimama mbele ya magogo ya daraja. Huko juu mzee alikuwa ameinua fimbo yake hewani.

Tulipomfikia alikuwa bado ameketi kitini, mguu mmoja chini. Hakucheka wala hakusema. Alikuwa akiitazama mikono yake. Baada ya muda alisema, "Miaka kumi na tisa napita hapa. Sikujua kwamba ni pafupi hivi."

Tulioga nyuso kijitoni, tukala mihogo ya kuchoma tuliyoinunua kwa wale watoto. Ili kumfurahisha tulimweleza habari ya Mwitalia Gino Bartali, mkristo mwenye juhudi, aliyeshinda mbio kubwa za kuzunguka Ufaransa mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Kati ya ushindi huo na huo ilikuwa vita, na yasimuliwa kwamba alikuwa akizunguka kwa baiskeli kana kwamba anajizoeza tu, kumbe ndani ya vyuma vya baiskeli yake alificha karatasi za kuwaokoa Wayahudi waliotafutwa wauawe. Mwaka 2013, naye amekwisha kufa, Yad Vashem kule Yerusalemu ikamwandika kati ya Wenye Haki. Mwenzetu alipenda sana habari hiyo. "Basi naye alikuwa na mzigo," akasema. Tukamwambia pia kwamba wapanda baiskeli wana Mama yao: kaskazini ya Italia, juu ya ziwa Como, kuna kanisa dogo kilimani pa Ghisallo, na tarehe 13 ya mwezi wa kumi 1949 Baba Mtakatifu Pio wa kumi na mbili alimweka Bikira Maria wa mahali pale kuwa msimamizi wao. Washindi huacha baiskeli zao humo kama shukrani. Akauliza kama kinga ya mawese ingepokelewa. Sisi twadhani ingepewa mahali pazuri.

Wala si Ulaya peke yake. Mwezi wa tisa wa mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, juu ya vilima kama vyetu. Watu wa Rwanda walijaa kando ya njia kutazama. Mwalimu wa shule alidai kwamba kama mashindano yangefanywa kwa mzigo wa kilo 100, medali zote zingekuja Maniema.

Alitueleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima aushughulishe mwili wake dakika 150 hata 300 kila juma. Mwenzetu alicheka hata akamwaga maji. Dakika hizo yeye huzimaliza kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza ya safari. Na hapo twaona kosa la wengi waandikao juu ya afya: wadhani kwamba mwili wa kila mtu umekosa kazi. Wapo ambao mwili wao haukukosa kazi hata siku moja. Kilichokosekana ni saa ambayo mwili huo ni wa mwenyewe.

Safari ya kurudi tuliipita upesi, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na mpira wa mwalimu ulitoboka mara mbili. Saa tano na nusu tulikuwa nyumbani.

Sasa turudi kwa neno la mama jirani na la mke wa mwenzetu, maana maneno hayo hayajajibiwa kwa hadithi za Italia. Katika juma lile wazee wengine wa parokia walitujia. Walisema: katekista aonekanaye akizunguka bure awafundisha vijana uvivu, Maniema yahitaji mikono, haihitaji michezo. Twawaheshimu wazee hao. Wamelima maisha yao yote. Lakini tuliwakumbusha Torati: amri ya kupumzika haikuwataja mabwana tu. Imewataja mtumwa na mjakazi, na ng'ombe, na punda pia. Kama punda ana siku yake, je, yule afanyaye kazi ya punda? Mzee mmoja akajibu kwamba punda hupumzika kwa kulala, si kwa kukimbia vilimani. Tulikiri kwamba hilo ni jibu zuri. Hata leo hatujakubaliana, na twasalimiana vizuri.

Kuhusu tairi, mke wa mwenzetu ana haki, wala hatutaki mtu aache watoto wake bila chumvi ili apate upepo usoni. Tulifanya hesabu pamoja naye barazani. Njia ile ya asubuhi, kwenda na kurudi, pasipo mzigo, ni sehemu ndogo sana ya ule mwendo aufanyao mume wake katika safari moja ya mawese. Akahesabu mwenyewe kwa punje za mahindi. Mwisho akasema, "Mara moja kwa mwezi. Na si wakati wa mvua." Mwenzetu akakubali haraka, kabla punje hazijahesabiwa tena.

Jumatatu alizifunga fimbo zake mahali pake, akaondoka na mabidoni sita. Alirudi siku ya tisa. Alituambia kwamba katika ule mteremko alishuka kama kawaida, visigino chini, kamba mkononi, na vijana wa kizuizi walimtoza kama kawaida. Watoto wa kijito tu ndio waliomwuliza atakuja lini tena bila mabidoni.

Kwa wale wa parokia za jirani waliotuuliza jinsi ya kufanya: ondokeni mapema, ulizeni kwanza habari ya njia kwa watu waliotoka huko siku hiyo hiyo, wala si kwa waliotoka juzi, jaribuni breki nyumbani, si kilimani, chukueni pampu, kiraka na gundi, msichukue kitu cha kuuza, hata kama bei ni nzuri. Kwa sasa sisi tu watano, na mmoja ni binti wa darasa la mwisho. Wawili hawana baiskeli. Hao hupanda kilima kwa miguu pamoja nasi, na huko juu twawapa zetu washuke nazo.